Mimi O negativu, mume B pozitivu: mama mkwe anasema damu hazipatani

SWALI: Shikamoo dokta. Naishi Mbagala, nina mtoto mmoja nilijifungua salama hana shida yoyote. Mwaka jana mimba ya miezi minne ilitoka nikasafishwa nikarudi home, sasa hivi nina mimba nyingine ya miezi mitano na juzi kliniki nesi kaangalia kadi akaniuliza we si O negativu, mumeo grupu gani? Mume anasema yeye B pozitivu. Mama mkwe kusikia hivyo ndo kashikilia hapohapo, eti damu zetu hazipatani ndo maana mimba ilitoka, mwanae aoe mwingine. Halafu jirani yangu ni O pozitivu kabisa lakini mwanae wa kwanza alikuwa wa njano siku ileile aliyozaliwa, hiyo imekaaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Mama mkwe muache kwanza, damu yako na ya mumeo hazikutani popote. Wanaoweza kugombana ni wewe na mtoto, tena kama kachukua upozitivu wa baba yake. Na mimba ya miezi minne inatoka kwa sababu nyingi, hii ni mara chache sana.

Iko hivi, wakati wa kujifungua, au mimba ikitoka, au ukisafishwa, damu kidogo ya mtoto inaingia kwako, mwili wako hauijui hiyo pozitivu basi unatengeneza antibodi za kuipiga. Mtoto wa kwanza anakuwa keshatoka zamani ndo maana huwa anapona, ila antibodi zinabaki zinamsubiri anayefuata, zinapita kwenye kondo la nyuma na kuvunja damu yake. Sasa nikuulize, ulipojifungua na uliposafishwa ulichomwa sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wako usitengeneze hizo antibodi? Kama hukumbuki au hukuambiwa, wiki hii rudi kliniki uombe kipimo cha antibodi, maabara wanakiita Coombs. Usianze kukimbilia sindano, anza na hicho, maana antibodi zikishakuwepo sindano haisaidii tena, hapo utahitaji daktari bingwa, Muhimbili au hospitali nyingine kubwa, wamwangalie mtoto kwa ultrasaundi kama anapungukiwa damu. Zisipokuwepo unachomwa wiki ya 28, na ukijifungua mtoto pozitivu unachomwa tena ndani ya saa 72.

Hiyo dawa ni ghali na vituo vingine hawana, kwa hiyo ulizia mapema, usisubiri uchungu. Ukiambiwa ununue famasi, ibebe na barafu pembeni, inatunzwa nyuzi 2 mpaka 8, ukiiweka kabatini na joto letu hili umetupa hela. Inatokana na plazma, yaani maji ya damu, ya watu wanaojitolea, kuna mzee wa Australia, James Harrison, kafariki 2025, alitoa zaidi ya mara 1,100.

Jirani yako ni kesi nyingine. Mama akiwa O na mtoto A au B zinaweza kugongana hata kwa mtoto wa kwanza, maana mama O huwa na antibodi hizo tayari, hiyo kwetu ndo ya kawaida zaidi na mara nyingi haiwi kali. Lakini manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni hospitali moja kwa moja, siyo kumuanika juani asubuhi kama tunavyoambiwa na mabibi, anahitaji taa maalumu na ikizidi anabadilishwa damu, ikichelewa inaharibu ubongo. Kwa ngozi zetu usiangalie shavu, angalia weupe wa macho na fizi, mpeleke kwenye mwanga wa dirisha umbonyeze pua kidogo kwa kidole uachie, uone rangi inayobaki. Akiwa analala tu na hataki kunyonya usisubiri kupambazuke.

Na huyo baba aje apimwe upya, grupu ya kukumbuka tangu shule usiiamini, akikutwa na yeye negativu basi mtoto atakuwa negativu na sindano huihitaji.