Kabla ya kutoa kiendelezi chako cha Quarkus, kipunguze

Mtu akiniambia anataka kutoa kwa umma kiendelezi chake cha Quarkus, yaani kipande cha msimbo kinachoongezea uwezo fremuweki hiyo ya Java, simuulizi kama kinafanya kazi. Namuuliza: mwenzako wa Kisumu, asiyeijua kampuni yako, atakitumia bila kufuta kitu? Wengi hunyamaza. Msimbo uliozaliwa ofisini huwa umebeba ofisi nzima mgongoni, na sehemu kubwa ya kazi ya kuchangia ni kuutua mzigo huo.

Chukua M-Pesa, maana ndiko wengi wetu wa Nairobi huanzia. Unapomtumia mteja ombi la STK (dirisha la malipo linalojitokeza kwenye simu yake) kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, unachukua tokeni, yaani kibali cha muda, inayodumu sekunde 3600, unaunganisha namba ya biashara, passkey (ufunguo wa siri) na muda, unavigeuza kuwa Base64, yaani maandishi yaliyosimbwa, unatuma, kisha unasubiri jibu kwenye anwani yako. Hatua hizo ni zilezile kwa muuza viatu wa Gikomba na kwa sacco. Hizo ndizo za kutoa. Lakini mteja akilipa pungufu afanywe nini, au namba ya akaunti ianze na herufi gani, hayo ni ya mwajiri wako. Yaache huko.

Na ukishamtaja mwajiri, ongea naye mapema. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa ni mali yake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Bosi akikuambia “hakuna shida” mkiwa kwenye lifti, hiyo si ruhusa. Mwombe barua pepe ya sentensi mbili inayotaja msimbo wenyewe na leseni, yaani Apache 2.0, ambayo Quarkus inatumia.

Usikimbilie kuingiza kiendelezi chako ndani ya Quarkus yenyewe. Kuna Quarkiverse kwenye GitHub, ambako kila kiendelezi kina hazina yake ya msimbo na ratiba yake ya matoleo, na watu hukipata kupitia Maven Central, hifadhi ya umma ya maktaba za Java, kama maktaba nyingine yoyote. Eleza kwa ufupi kinafanya nini na nani atakitunza, uombe hazina. Kiingereza chako hakihitaji madoido.

Sasa tuje kwenye msimbo, ambapo ndipo wageni wengi huumia. Kiendelezi cha Quarkus kina moduli mbili: ya kuendesha, na ile ya ujenzi inayoitwa deployment. Fremuweki hii hufanya kazi nyingi mapema, wakati programu inajengwa, ndiyo maana huwaka haraka. Kwa hiyo jiulize kwa kila kitu: hiki kinajulikana lini? Orodha ya madarasa inajulikana wakati wa ujenzi, na inakaa kwenye @BuildStep, alama ya hatua za ujenzi. Passkey na siri za Daraja hazijulikani hadi programu iwashwe, kwa hiyo mpangilio wake lazima uwe wa RUN_TIME, yaani usomwe programu inapowaka. Ukizisoma wakati wa ujenzi zinagandia ndani ya jar (faili la programu iliyojengwa), na mtu anayehama kutoka mazingira ya majaribio kwenda ya kweli analazimika kujenga upya. Mbaya zaidi, siri zake zitasafiri popote jar hiyo itakapokwenda.

Kuna mtego mwingine unaojitokeza kwa wale tu wanaojenga kwa GraalVM, zana inayogeuza msimbo wa Java kuwa programu asilia inayowaka bila JVM, mashine ya kuendeshea Java. Darasa linalopokea jibu la malipo litasomwa vizuri kwenye JVM ya kawaida, kisha likwame kwenye programu asilia kwa sababu hukulisajili kwa ReflectiveClassBuildItem, inayoiambia GraalVM iliache darasa hilo lisomeke programu ikiwa inaendeshwa. Lisajili hata kama wewe mwenyewe hujengi hivyo, kwa sababu mtumiaji wako wa kwanza huenda anajenga.

Majaribio yasitegemee intaneti wala akaunti ya mtu. Weka seva bandia kwa WireMock, zana ya kuiga seva, irudishe jibu la msimbo 0, yaani malipo yamefaulu, kisha irudishe 1032, yaani mteja ameghairi mwenyewe kwenye simu. Msimamizi aliye Ulaya hana laini ya Safaricom, na hapaswi kuihitaji ili aamini kazi yako.

Ukilazimika kujenga Quarkus yenyewe kutoka kwenye msimbo wake, tumia ./mvnw -Dquickly, inayoruka majaribio. Ifanye mahali penye Wi-Fi, kwa sababu Maven, zana ya kujenga inayotumiwa hapo, ikianza kushusha maktaba itamaliza bando lako lote.

Halafu kuna utunzaji, jambo linalopuuzwa kuliko yote. Quarkus hutoa toleo jipya karibu kila mwezi. Toleo la 3, mwaka 2023, lilihamisha majina ya vifurushi vya Java kutoka javax kwenda jakarta, na kiendelezi kilichokuwa hakina mwenyewe kikabaki nyuma. Jiunge na mfumo wao wa Ecosystem CI, unaojaribu viendelezi dhidi ya msimbo mpya wa Quarkus ili ujue kimevunjika kabla watumiaji hawajakuandikia. Na mtafute mapema mtu wa pili mwenye haki ya kutoa matoleo. Wangu nilimpata miongoni mwa waliokuwa wakilalamika kuhusu hitilafu, na siku hizi anajibu maswali mengi kunishinda.