Miti, vumbi na moshi: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Shikamoo. Mbele ya nyumba yetu Ngamiani ni udongo mtupu, na vumbi linaingia mpaka jikoni. Nipande mti gani?

Marahaba mwanangu. Kabla ya mti, ufunike udongo wenyewe. Ardhi inayopitwa na bodaboda kutwa husagika, na upepo ukivuma inapaa. Mti mmoja hauwezi kulidaka vumbi lote likishapaa, lakini ukoka hulizuia lisinyanyuke. Upande masika haya, mizizi ishike kabla kusi haijakaza. Kisha otesha ua wa michongoma upande wa barabara, wa kimo cha kifua, wenye majani mengi tangu chini. Mwarobaini wa kivuli uje mwisho.

Ni kweli miti inanyonya moshi wa magari?

Ni kweli, ila kwa kiasi kidogo kuliko tunavyohubiriwa. Gesi huingia kupitia vitundu vya jani. Chembe za moshi hunata juu ya jani mpaka mvua izioshe, au upepo uzipeperushe tena. Watafiti wa Marekani walikadiria kwamba mwaka 2010 miti ya nchi yao iliondoa tani milioni 17.4 za uchafu wa hewa. Ni nyingi mno, lakini hewa yenyewe iliboreka kwa wastani wa chini ya asilimia 1, kwa sababu moshi mpya unamwagwa kila dakika.

Mahali pa kupanda nako kuna maana. Katika mtaa mwembamba wenye maghorofa pande zote mbili, matawi yakikutana juu moshi hukosa pa kutokea, na anayeuvuta ni mpita njia. Hapo ua mfupi kati ya magari na watu unafaa kuliko mti mkubwa. Ndiyo maana naumia nikiona tunapiga picha na miche huku daladala linalotoa moshi mweusi likipita nyuma yetu bila kuulizwa.

Kila asubuhi tunafagia majani ya mwembe na kuyachoma. Si majani tu?

Hapana, dada yangu, acheni leo. Majani yenye unyevu hayawaki vizuri, yanafuka. Moshi huo umejaa chembe ndogo kuliko mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinazofika ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chembe hizo zisizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Na asubuhi upepo wa bahari bado haujaanza, hivyo moshi unalala chini, saa ileile watoto wanapokwenda shule. Chimbeni shimo, mfukie majani, mpate mboji ya kulishia ukoka. Mifuko ya plastiki msiichome kabisa, hata mmoja.

Tupande mikaratusi kando ya barabara ya shule? Inakua upesi.

Hapana. Mikaratusi hutoa gesi ambayo, ikikutana na moshi wa magari na jua kali, huzalisha ozoni inayowasha kifua.

Kikundi chetu kinarudisha mikoko iliyokatwa. Tuwaambie majirani kwamba tunasafisha hewa?

Waambieni mnavuta hewa ukaa na kuizika kwenye tope, inakokaa miaka mingi. Waambieni mnazuia bahari isile ufukwe, na mnarudisha mazalia ya samaki na kamba. Hiyo ni kazi kubwa, nami nawaombea nguvu. Lakini hewa ukaa siyo moshi unaowakohoza watoto. Anayechoma taka nyuma ya nyumba asijifiche nyuma ya mikoko yenu.

Nyongeza moja: mikoko ina aina zake; mlilana husimama mbele, kwenye maji, na mkandaa hukaa nyuma. Kabla ya kuchomeka mche wowote, angalieni kama maji ya bahari yanaingia na kutoka bila kizuizi. Kama kuna tuta limeyafunga, lifungueni kwanza; mara nyingi mbegu huja zenyewe na maji.