Kabla Hujalipa Arubuni ya Shamba la Mpakani

Mtoto wa mama mdogo alipopiga simu kutoka Tanga kwamba amepata nusu eka Lunga Lunga, huku kwetu Kenya, nyumba nzima tulifurahi. Ameoa upande wetu, Kidigo chake ndicho chetu, na kuvuka pale Horohoro kwake ni kama kwenda sokoni. Arubuni alikuwa ameshatoa. Mimi ndiye niliyempeleka kwa wakili, nikijua tunakwenda kutia saini tu.

Wakili hakuuliza bei. Aliuliza kitambulisho chake ni cha wapi.

Sheria ya Ardhi ya Kenya, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inadhibiti ardhi yote iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu. Asiye raia hauziwi wala hakodishiwi humo bila idhini ya Waziri wa Ardhi, kwa maandishi, tena itangulie. Lunga Lunga ni mpakani penyewe. Ufukweni nako, safu mbili za kwanza za viwanja kutoka maji yanapofika yakijaa zimo. Wenye wachumba wageni Diani na Watamu, hili linawahusu.

"Lakini dada, si tuko Jumuiya moja?" aliniuliza, na uso ulikuwa umemshuka. Tuko. Ila Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, kifungu cha 15, imeiachia kila nchi sheria zake za ardhi. Mtanzania na Mjerumani hapa ni wageni sawasawa. Nami nikivuka kwenda Tanga ni mgeni vilevile: sheria ya kule humpa mgeni ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu.

Dalali akaja na lake: tuandike hatimiliki kwa jina langu, nimshikie. Nilikataa, na wewe ukiombwa kataa, hata kama anayeomba mmenyonya ziwa moja. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema mali ya amana, yaani mtu anayomshikia mwenzake, huhesabiwa ya raia pale tu wanaofaidika nayo wote ni raia. Kampuni nayo lazima imilikiwe na raia watupu. Na nikifa kesho, wanangu watarithi shamba la mtu ambaye hana hata karatasi moja ya kusimama nayo mahakamani.

Kama shamba ni la kilimo, kuna bodi ya kuidhinisha mauzo ya ardhi pia, nayo sheria inaiamuru imkatalie asiye raia. Hata akipata kiwanja, mgeni hapati zaidi ya miaka 99 ya kukodi.

Ndugu zetu mlio ughaibuni, kama mlichukua uraia wa kwingine kabla ya Katiba ya 2010, ule wa Kenya ulikwisha hapo. Ombeni kuurejesha kwanza, ndipo mtafute shamba.

Arubuni ya ndugu yangu ilirudi kidogo kidogo, kwa miezi. Ndoa yake ikitimiza miaka saba anaweza kuomba uraia wa Kenya, na kwa sasa ina mitano. Lakini Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na Tanga kuna minazi ya marehemu baba yake. Bado hajaamua, nami simharakishi.