Usiharakishe kurudi kwenye tandiko

Nafundisha watu kupanda farasi huku Karen, Nairobi, na swali ninaloulizwa zaidi halihusu kuruka viunzi. Wanafunzi huniuliza: "Mwalimu, nimeanguka nikaumia, nirudi lini?"

Mimi nilirudi mapema mno. Farasi wangu aligoma mbele ya kiunzi, nikapita juu ya kichwa chake na kuvunjika mtulinga. Daktari aliniambia nipumzike wiki nane. Wiki ya tano nilikuwa nimeshapanda, kwa sababu mashindano yalikuwa yamekaribia. Bega lilikuwa bado linauma, kwa hiyo kila tulipokaribia kiunzi nilijikaza na kuvuta hatamu bila kukusudia. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, ilimuumiza mdomo. Farasi aliyekuwa mpole na mwenye hamu ya kazi akaanza kugomea hata vile viunzi vidogo vya watoto. Mfupa wangu uliunga vizuri. Lakini farasi ilinichukua karibu mwaka mzima kumrudishia imani.

Tangu hapo, mtu akiniuliza swali hilo humsimulia habari za Nick Skelton, mpandaji wa kuruka viunzi kutoka Uingereza. Septemba 2000 alianguka mashindanoni, shingo ikavunjika sehemu mbili. Mwaka uliofuata alitangaza kustaafu, na hakurudi mpaka 2002, madaktari waliporidhika kwamba shingo imepona. Wengi husifu ujasiri wake, lakini ujasiri alikuwa nao tangu ujana: mwaka 1978, akiwa na miaka 20, aliruka zaidi ya mita 2.3 akiwa juu ya farasi aitwaye Lastic, rekodi ya Uingereza. Ninachowaomba wanafunzi wakiangalie ni subira yake.

Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, alishinda dhahabu ya timu akiwa na farasi dume aitwaye Big Star. Uingereza ilikuwa haijapata dhahabu ya timu katika kuruka viunzi tangu 1952. Katika shindano la mmoja mmoja mti mmoja tu wa kiunzi ulidondoka, na kwa alama hizo 4 za adhabu medali ikampita. Baadaye Big Star akaumia, na akakaa nje ya mashindano makubwa kwa muda mrefu. Fikiria hali ya mpandaji huyo: ana miaka hamsini na kitu, amewekewa nyonga ya bandia, na farasi bora wa maisha yake amesimama bandani. Mimi ningemsukuma arudi. Skelton na timu yake walisubiri.

Olimpiki ya Rio, Agosti 2016. Wapandaji sita walifika duru ya mwisho ya kuamua mshindi, na Skelton alitangulia. Kutangulia ni kugumu, maana hujui wenzako watakimbia kwa kasi gani: ukienda polepole unapitwa, ukiharakisha unaangusha. Alimaliza kwa sekunde 42.82 bila kuangusha mti hata mmoja. Watano waliomfuata walishindwa kumfikia. Alikuwa na miaka 58, na ile ilikuwa Olimpiki yake ya saba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwanza daktari akuruhusu, na usibishane naye. Kisha panda farasi mtulivu, si yule wako mwenye nguvu, umwendeshe hatua kwa hatua ukiwa umetoa miguu kwenye vikuku vya tandiko. Kama mwili unainamia upande mmoja kujilinda, shuka, bado hujapona. Mwombe mwenzako unayemwamini amfanyie farasi wako mazoezi. Wakati huo wewe nenda bandani kila siku: mpige brashi, msafishe kwato, mtembeze kwa kamba.

Mwanafunzi wangu mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu alifanya hivyo, hata alipokuwa bado anatembelea magongo. Alikuwa akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumsugua farasi miguu ya mbele. Siku aliyopanda tena, farasi alisimama tuli bila kutikisika mpaka alipokaa sawasawa.