Muulize Mzee Mtutu: Kichwa cha 150 au cha 180, na teke la .30-06

SWALI: Shikamoo Mzee Mtutu. Nimerithi bunduki ya marehemu baba, Brno ZKK 600 ya kipimo cha .30-06, na umiliki umeshahamishiwa jina langu. Nawinda kwa leseni, hasa swala pala na kongoni. Mimi ni mwembamba, na bunduki hii inanipiga teke mpaka bega linabadilika rangi. Dukani wameniuzia risasi za 220, wanasema nzito ndiyo inaua. Binamu yangu anasema nihamie 150 ili nipone bega. Nimsikilize nani?
Binti wa Mwindaji, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wa dukani mpuuze. Kichwa, yaani kile kipande cha risasi kinachoruka, cha 220 kwa swala pala ni kazi bure, kinapita upande wa pili kabla hakijafumuka (kupanuka) vizuri. Binamu yako ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu tuipigie hesabu.

Namba ya kwenye boksi ni uzito wa kichwa kwa greini, si gramu. Kichwa cha 150 ni kama gramu 9.7, cha 180 ni 11.7, cha 220 ni 14.3. Bunduki yako pamoja na darubini naikadiria kilo 3.6. Kwa risasi za kawaida za kiwandani, 150 inakupiga kwa nguvu ya jouli 26 hivi, 180 jouli 29, na 220 inapita 31. Kwa hiyo ukitoka 180 kwenda 150 unapunguza kama sehemu moja ya kumi. Punguzo hilohilo ungelipata kwa kuiongezea bunduki nusu kilo tu. Sababu ni kwamba kichwa chepesi kinasukumwa kwa kasi zaidi, na moshi wa baruti nao unasukuma kivyake, kichwa kiwe kizito au chepesi.

Teke lako mimi nalitafuta kwenye kitako. Bunduki nyingi za enzi za baba yako zina bamba gumu la plastiki nyuma, na urefu wa kitako ulipimwa kwa mwanaume mrefu. Kunja mkono, weka kitako kwenye kiwiko: kama kidole hakifikii kifyatulio bila kunyoosha mkono, kitako ni kirefu kwako. Basi mwili unaegemea nyuma, na bunduki inakaa kwenye mfupa wa bega badala ya kukaa kwenye nyama. Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali, akate kidogo, aweke mpira mnene. Hapo ndipo utaona tofauti, kuliko boksi lolote la risasi.

Tena usipige ukiwa umekaa mezani na bega limebanwa. Ukisimama, mwili unarudi na bunduki, maumivu yanapungua. Ukilazimika kupiga mezani, weka mfuko wa mchanga kati ya kitako na bega. Kisha mwombe mwenzako akuwekee risasi bila wewe kuona, mara nyingine aweke ganda lililokwisha pigwa. Mtutu ukiinama kwenye ganda tupu, ni wewe unayeshtuka, na swala atakayejeruhiwa tumboni hatajali umetumia greini ngapi.

Sasa mnyama. Huku kwenye miombo ni nadra kupata shabaha ya kupita mita 150, na kwa masafa hayo 150 na 180 zinashuka karibu sawa. Kichwa cha 150 cha madini laini ya risasi, karibu hivyo na kwa kasi hiyo, kinapasuka kwenye mfupa wa bega na kuharibu nyama ya mguu mzima wa mbele. Kwa kongoni mimi ningebaki na 180. Ukitengeneza kitako na bado bega linalalamika, tafuta 150 ya shaba tupu: haimeguki, inabaki na uzito wake, inaingia ndani sawa na 180 ya kawaida. Bei yake inauma.

Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua wengi kwa bunduki ndogo ya .275 yenye kichwa cha greini 173, kirefu, chembamba, kisichofumuka. Kilipenya, na yeye hakuogopa bunduki yake, akaweka risasi alipotaka. Leo ukimwendea ndovu na kitu hicho utakutana na sheria, kama ndovu hajakuwahi.

Ukichagua kichwa, kaa nacho, na isawazishe darubini upya kabla ya kwenda porini. Ukibadilisha uzito, risasi haitui pale ilipotua jana.

SWALI: Mzee, bunduki ya .375 H&H kwa nyati: 270 au 300? Rafiki anasema 270 haipigi teke.
Kijana wa Arusha

JIBU: 300, isiyofumuka au ile ngumu inayofumuka polepole. Rafiki yako apime. Kiwandani 270 hutiwa mwendo wa mita kama 820 kwa sekunde, 300 mita 770, na kwa bunduki ya kilo 4.2 zote mbili zinazunguka jouli 50 na kitu. Unapoteza greini 30 za kupenya, bega halipati chochote. Na kile kifaa chenye matundu cha kufunga mdomoni mwa mtutu kinapunguza teke kweli, lakini muulize kwanza mfuatilia nyayo atakayesimama pembeni yako. Masikio ni yake.