Joka Mkononi, Dubu Mezani

Mara ya kwanza nilipomwambia mjomba kwamba Ijumaa baada ya Isha naenda kucheza drafti, alifurahi. Akadhani hatimaye nimeiacha simu na kurudi kwenye michezo ya watu wazima: kete, baraza, kahawa chungu. Ikabidi nimweleze kwamba drafti yetu si ile ya kete. Ni karata, ila hazina kopa wala shupaza. Ni Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield ukaanza kuuzwa mwaka 1993, na drafti ni namna mojawapo ya kuucheza. Huji na karata zako kutoka nyumbani. Mnazichagua papo hapo mezani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na turufu ni ipi?"

Turufu haipo. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi kulikubali jambo hilo, na kama wewe ndio unaanza, nakuandikia ili usipite nilikopita.

Mkiwa wanane, kila mmoja hupewa mafungu matatu ya karata 15. Unafungua la kwanza, unatoa moja unayoitaka, zilizobaki unampa wa kushoto, na wa kulia anakupa zake. Hivyo hivyo mpaka ziishe. Fungu la pili huzungushwa kulia, la tatu kushoto tena. Mwisho una karata 45, lakini deki, yaani rundo utakalochezea, ni ya 40, na 17 kati ya hizo huwa ardhi za kawaida, karata za kulipia nyingine, ambazo mnazichukua bure kwenye boksi. Maana yake utacheza 23 tu. Karibu nusu ya ulizozigombania zitalala pembeni usiku kucha, kwa hiyo usipoteze usingizi kwa karata moja iliyokupita.

Pakiti mpya kwetu ni za kungoja mtu atoke Dubai au Nairobi, na bei yake inauma. Tulichofanya ni kuchanga karata zetu za zamani tukajaza sanduku la 360, yaani nane mara 45. Tunazichanganya, tunagawa, tukimaliza zinarudi sandukuni. Wenyewe huita kyubu. Kwa kikundi kisicho na pesa sijaona njia bora kuliko hiyo.

Sasa joka. Usiku wangu wa kwanza, sebuleni kwa rafiki yetu Mji wa Kale, Mombasa, karata ya kwanza kabisa kuifungua ilikuwa Shivan Dragon. Nyekundu, anaruka, nguvu 5 na uhai 5. Moyo ukanidunda. Baada ya hapo kila kiumbe kikubwa kilichopita mbele yangu nilikinyakua, na deki ilipojaa nikapunguza ardhi hadi 15 ili majitu yangu yapate nafasi. Nikajiona mjanja kweli.

Joka hilo hugharimu mana sita. Mana, yaani nguvu ya kulipia karata, hutoka kwenye ardhi, na ardhi unaweka moja tu kila zamu. Piga hesabu: hata ukiwa na ardhi 17 katika 40, karata saba za mwanzo hukupa kama tatu. Ukifika zamu ya sita umeona karata 12 au 13, na ndani yake ardhi ni tano na kitu kwa wastani. Mimi nilikuwa na 15. Mwenzangu zamu ya pili akaweka Grizzly Bears, yaani dubu, karata ya mana mbili, nguvu 2 na uhai 2, hana maajabu yoyote. Zamu ya tatu akaanza kunipiga, zamu ya nne akaongeza mwingine. Uhai wangu mwenyewe kama mchezaji ukashuka 20, 18, 16, 12, na mimi nina ardhi nne, mkono umejaa wafalme. Mjomba alikuwa amekuja kunichukua, akasimama nyuma yangu akichungulia. "Joka hilo," akasema, "lafanya nini hapo mkononi saa nzima?"

Tangu siku hiyo natazama gharama kabla ya picha. Katika zile 23 nataka viumbe 15 au 16, na wa mana mbili wasipungue watano. Wa mana tatu wanne au watano. Wale wa sita kwenda juu, wawili watatu basi. Karata za kuua viumbe vya mwenzako, kama Lightning Bolt ambayo kwa mana moja tu hupiga 3, hizo chukua mapema bila kufikiri sana.

Rangi ziko tano, wewe cheza mbili. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa mbili ni sawa, ya tatu ndiyo huponyoka, kwa sababu ardhi zinazokuja huwa si za rangi unayohitaji. Lakini usiamue mapema mno. Karata nne au tano za mwanzo chukua iliyo bora tu, halafu sikiliza meza. Ukiona karata nzuri ya kijani imekufikia ya sita au ya saba, ujue walio kulia kwako hawaitaki kijani. Ingia huko. Na kumbuka fungu la pili hugeuka: yule wa kushoto uliyekuwa ukimpa nyeusi nzuri nzuri, sasa yeye ndiye anayekupa wewe, na nyeusi huioni tena. Hapo usimlaumu mtu.

Kwenye kucheza kwenyewe nina mawili tu. Mkono wa kwanza ukiwa na ardhi moja, au ardhi tupu, urudishe. Kwa kanuni ya tangu 2019 unavuta saba nyingine, kisha moja unaiweka chini ya deki. Sita zinazochezeka ni nafuu kuliko saba za kusubiri muujiza. Jingine: kabla ya kushambulia, hesabu ardhi za mwenzako alizoacha wima bila kuzilaza, yaani ambazo hajazitumia. Mtu hodari akiacha mbili wima na akakutazama kwa upole, kuna kitu ameficha. Mjomba hili alilijua siku ile ile, maana kwenye turufu huhesabu zilizotoka na zilizobaki huku anapiga soga.

Jambo la hapa kwetu pwani: hewa ya Mombasa haizipendi karata, hasa zile za kung'aa. Zinajikunja kama papadi. Zivike vifuko vya plastiki, na sandukuni weka vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Pangaboi liwe pole pole, la sivyo karata zitaenda chini ya kochi. Na mabuyu yakae jikoni. Tunaye mmoja mpaka leo anajua mwenzake akivuta ile ardhi ya msituni yenye alama ya kidole chekundu mgongoni.