Je, daktari asiyekaa wodini bado ni daktari?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne na ninauza vitenge sokoni hapa Morogoro. Binti yangu wa kwanza amehitimu shahada ya udaktari na sasa anamalizia mwaka wa mafunzo kazini. Nyumbani sote tulitegemea atasomea upasuaji au magonjwa ya wanawake, lakini yeye anasema anataka kusomea afya ya jamii. Mjomba wake anasema huko ni kwenda kuhudhuria semina na kuhesabu vyoo. Je, huyo bado ni daktari? Na yupo mwanamke aliyepita njia hiyo akafika mahali? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kumfikisha binti hapo alipo. Mjomba hajakosea kabisa, kwa kuwa vyoo vitahesabiwa kweli. Kipindupindu hakianzii wodini. Alipokosea ni kudhani kwamba anayehesabu vyoo amepungukiwa udaktari. Badala ya kubishana naye, nitakueleza habari za Sara Josephine Baker, daktari wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1873 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York.

Baker alikuwa na umri wa miaka 16 homa ya matumbo ilipomuua baba yake na kuiacha familia bila mtegemezi. Aliamua kusomea udaktari ili aitunze familia, akahitimu mwaka 1898 katika chuo cha udaktari cha wanawake jijini New York, kisha akafungua kliniki yake mwenyewe, ambayo kwa mwaka mzima wa kwanza ilimwingizia dola 185 tu. Kwa hiyo mwaka 1901 alipochukua kazi ya ukaguzi wa afya katika idara ya afya ya jiji, alifuata mshahara wa dola 30 kwa mwezi. Nalisema hili makusudi, kwa sababu wapo wanaopenda kusimulia maisha ya madaktari kana kwamba wote waliitwa kwa sauti kutoka mbinguni.

Wito, kama ulikuwapo, ulimkuta kazini. Alipanda ngazi za nyumba za ghorofa zilizosongamana wahamiaji maskini, mlango baada ya mlango, akiwakuta akina mama waliokwisha kukubali kwamba mtoto akihara wakati wa kiangazi ni wa kufa. Alitambua jambo ambalo kila muuguzi wa wodi ya watoto analijua: katika zama zile ambazo hazikuwa na dawa za kuua bakteria, mtoto aliyeletwa akiwa amekwisha kukauka kwa kuhara hakuwa na msaada mkubwa wa kupewa. Ilibidi afikiwe kabla hajaugua.

Basi kiangazi cha mwaka 1908 alichagua eneo moja la mashariki mwa Manhattan lililokuwa na vifo vingi, akachukua wauguzi wa shule wapatao 30, na kila mtoto alipoandikishwa katika rejista ya vizazi, kesho yake muuguzi alikuwa anabisha hodi kwa mzazi. Hakubeba dawa. Alimwambia mama anyonyeshe mwenyewe badala ya kutegemea maziwa ya dukani, ambayo mara nyingi yalikuwa machafu, afungue dirisha, amwogeshe mtoto na kumpunguzia manguo mazito aliyoviringishwa katika joto lile. Kiangazi kilipokwisha, eneo hilo lilikuwa limepoteza watoto 1,200 pungufu kuliko kiangazi kilichotangulia. Hakuna aliyepasuliwa, mama, wala aliyelazwa.

Mwaka huohuo jiji liliunda ofisi ya afya ya watoto na kumkabidhi Baker aiongoze. Madaktari sita wa kiume waliandika barua za kujiuzulu kwa sababu hawakutaka kuwa chini ya mwanamke; aliwaomba wamjaribu mwezi mmoja, nao wakabaki. Kati ya kazi zake, mimi naipenda zaidi ile iliyo ndogo kuliko zote. Watoto wachanga walitiwa matone ya nitrati ya fedha machoni ili kisonono cha mama kisiwapofushe, lakini dawa iliyokaa kwenye chupa iliyokwisha kufunguliwa iliweza kuchafuka au kuwa kali kupita kiasi kadiri maji yake yalivyokauka. Baker akaifunga katika vidonge vya nta ya nyuki, kila kimoja kikiwa na kipimo cha mtoto mmoja, hata mkunga wa mtaani asiweze kukosea.

Wengi humtaja kwa kisa kingine, cha mwaka 1907, alipoongozana na polisi kumkamata Mary Mallon, mpishi aliyeeneza homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Kwangu mimi hicho si cha kujivunia sana, maana mwanamke yule aliishia kutengwa kisiwani kwa zaidi ya miaka 20.

Mjomba asikose hiki: madaktari zaidi ya 30 wa Brooklyn waliwahi kumwandikia meya barua wakitaka ofisi ya Baker ifungwe, kwa kuwa inawaharibia kazi, watoto hawaugui tena. Baker aliichukua barua hiyo kuwa sifa. Alistaafu mwaka 1923 na kufariki mwaka 1945. Na kwa jirani zetu wa Kenya yupo Profesa Miriam Were, aliyeanzia ualimu kabla ya udaktari, akajenga huduma za afya ngazi ya jamii huko Kakamega, na mwaka 2008 akapewa na Japani Tuzo ya Hideyo Noguchi kwa Afrika.

Kwa binti yako nashauri asikimbilie shahada ya uzamili. Afanye kazi hospitali ya wilaya kwanza, walau mwaka mmoja au miwili, azoeane na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha aombe nafasi Muhimbili au kwingineko. Na usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika auhuishe kila mwaka bila kukosa, maana huo ndio unaomfanya aitwe daktari kisheria, awe wodini au awe chini ya mwembe akizungumza na akina mama kijijini.